Mwacheni Mtoto Aitwe Jamhuri

Novemba 2012, Wamarekani wakiwa katika foleni za kupiga kura, mama mmoja wa Nyanza, magharibi mwa Kenya, alijifungua mapacha. Mmoja akamwita Barack Obama, mwingine Mitt Romney. Habari ilizunguka dunia kabla hata kitovu cha watoto hakijakauka. Mwaka 2015 Obama alipotua Nairobi akiwa rais, mtoto mwingine nchini humo akapewa jina la ndege iliyomleta. Dunia ikacheka tena, na sisi tukacheka kwa sauti kubwa kuliko dunia. Baada ya kicheko yakaja mawaidha. Mtoto si bango la kampeni. Mzazi anamtwisha mwanawe mzigo usio wake. Majina huumba. Wanasiasa hupita, jina hubaki. Kwani wangempa jina la kawaida wangepungukiwa nini?

Mchungaji anayasema haya, mwalimu anayasema, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi anayasema, shangazi naye anayasema kwenye kikao cha familia huku wote wakiitikia kwa vichwa. Mimi siafiki hata moja. Nitaanza na hilo la mwisho, la jina la kawaida, kwa sababu mengine yote yameegemea hapo.

Jina la kawaida ni lipi? Anayelidai atakutajia John, Mary, George, Victoria, Edward. Ukimbana kidogo atasema hayo ni majina ya dini. Haya, John na Mary wana Biblia yao. Lakini ipekue Biblia hiyo kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, humkuti Victoria wala Edward. Hao utawakuta kwenye sarafu za enzi ya ukoloni. Tanzania imewahi kuwa na mbunge wa Mtera aitwaye Livingstone Lusinde, mtu wa vijembe, na watu wamebishana naye kwa mengi ila sijasikia hata mmoja akimuuliza kwa nini ana jina la mpelelezi wa Kiskoti. Uganda na magharibi mwa Kenya wamejaa akina Wilberforce. Wilberforce alikuwa mbunge wa Uingereza aliyeipigania bungeni sheria ya 1807 ya kukomesha biashara ya watumwa. Anayemwita mwanawe Wilberforce anampa jina la mwanasiasa kwa sababu ya msimamo wake wa kisiasa, kama alivyofanya jirani yake aliyemwita wake Lumumba. Tofauti ni kwamba Wilberforce alitangulia kufika, tena aliletwa na wenye shule na wenye zahanati.

Hicho ndicho ninachobishia. Jina tunaloliita la kawaida ni jina la siasa iliyoshinda zamani, ikakaa mpaka wenyewe tukasahau kwamba kulikuwa na mechi.

Waliokuwepo wakati mechi inachezwa hawakusahau. Mwaka 1914, Kamau wa Ngengi alipobatizwa katika misheni ya Waskoti huko Thogoto, alitaka aitwe John Peter. Akaambiwa hawezi kupewa mitume wawili, achague mmoja. Akajitungia Johnstone: John akabaki, na Petro, aliye mwamba, akaingizwa kwa mlango wa nyuma. Alikuwa hajahutubia mkutano hata mmoja, na tayari jina lake lilikuwa limekwisha kujadiliwa na mwenye mamlaka. Mwaka 1938, kitabu chake Facing Mount Kenya kilipotoka, juu yake palikuwa na Jomo Kenyatta, na Johnstone hakuonekana. Huyo huyo alipopata mtoto wa kiume Oktoba 1961, miaka miwili na zaidi kabla Kenya haijapata uhuru wake, alimwita Uhuru. Tafakari ujasiri wa kumwita mtoto kwa jina la kitu ambacho nchi haijakipata. Leo jina hilo limetamkwa mara nyingi mno hata anayelisikia anafikiria mtu kwanza, kisha neno.

Kabla ya misheni ilikuwa vivyo hivyo, pengine kwa ukatili zaidi. Pwani yetu iliwaita watumwa Almasi, Feruzi, Mabruki, majina ya vito na ya bahati, ya mwenye mali anayefurahia mali yake. Yuko Myao mmoja aliyekamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa hadi India, na aliporejea Afrika Mashariki alikuwa ameshakuwa Sidi Mubarak Bombay. Wapelelezi Burton na Speke wasingefika mbali bila yeye katika safari yao ya 1857 hadi 1859, na vitabu vyao vinamtaja kwa jina la bandari. Anayesema siasa zimeanza kuingia kwenye majina ya watoto juzi kwa sababu ya Obama hana habari na pwani anayoishi.

Wala tusijifiche nyuma ya majina ya Kiislamu tukidhani huko hakuna siasa. Abubakari, Omari, Othmani na Ali waliongoza dola. Hussein aliuawa Karbala mwaka 680 kwa sababu alikataa kumpa Yazid kiapo cha utii, na kila baba anayemwita mwanawe Hussein, ajue asijue, ameegemea upande mmoja wa mgogoro ule. Sioni ubaya wowote hapo. Naona fahari, na nashangaa kwa nini fahari hiyo hiyo iwe kichekesho pale mgogoro unapokuwa wa miaka sitini iliyopita badala ya karne kumi na tatu.

Kuna asubuhi moja nilikuwa kwenye kliniki ya watoto jijini Dar es Salaam. Mabenchi yamejaa, kina mama wamebeba kwa khanga, muuguzi anachukua kadi moja moja kutoka kwenye rundo na kuita. Akaita, "Magufuli!" Benchi zima likaangua kicheko. Mama mmoja akainuka, hakucheka, akamfungua mtoto mgongoni, akamvisha ile kaptula ya kupimia, akamtundika kwenye mzani. Mtoto akawa ananing'inia pale anarusha miguu, muuguzi anasoma kilo, watu bado wanafuta machozi ya kicheko. Kadi iliyofuata ilikuwa ya Elizabeth. Hakuna aliyegeuka. Elizabeti ni mama yake Yohana Mbatizaji, najua. Lakini pia ni binti aliyekuwa Kenya, kule Treetops, Februari 1952, baba yake alipofariki usiku na yeye akawa malkia wa dola iliyokuwa ikiitawala nchi hiyo hiyo aliyolala. Kati ya majina mawili yaliyoitwa asubuhi ile, moja ni la mtu aliyepigiwa kura na babu zake mtoto, au wajomba zake, kwenye sanduku. Ndilo lililochekwa.

Wanaosema desturi yetu haikuwa hivyo ndio wanaonishangaza kuliko wote. Desturi ipi? Waswahili wana Mwanvita, na sihitaji kumweleza msomaji alizaliwa wakati gani. Wana Mashaka, Tabu, Shida, Sikujua, Masika. Wajaluo humwita mtoto Okoth akizaliwa mvua ikinyesha, na Otieno akizaliwa usiku. Rika za Wakikuyu zilipewa majina ya njaa, maradhi na vioja vilivyoingia nchini wakati vijana wakipita jandoni. Baba yake Mwalimu aliitwa Nyerere kwa sababu alizaliwa viwavijeshi vikiwa vimevamia mashamba ya Wazanaki. Mwalimu mwenyewe akaitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha, mwaka 1922. Julius alikuja na ubatizo mwaka 1943. Julius ni jina la ukoo wa Kaisari, na Mwalimu hatimaye akaitafsiri tamthilia ya Kaisari huyo kwa Kiswahili, sijui kama aliwahi kucheka peke yake akiwa mezani.

Kwa hiyo mzazi wetu siku zote alitazama nje ya mlango, akaona kilichokuwa kikitokea siku ile, akampa mtoto. Kama ni viwavi, viwavi. Mwaka 1961 na 1962 kilichokuwa kikitokea nje ya mlango ni uhuru, madaraka, jamhuri. Mwalimu ana mtoto aitwaye Madaraka. Mashabiki wa soka Tanzania wanamjua Jamhuri Kihwelo, ingawa wengi humwita Julio, na Uhuru Selemani aliyewahi kuvaa jezi ya Simba. Aliyewapa majina haya hakuikiuka desturi hata kidogo. Aliifuata kuliko aliyefungua orodha ya watakatifu akachagua Boniface kwa sababu tarehe iliangukia hapo.

Sasa tuje kwenye hoja inayopendwa makanisani, kwamba majina huumba. Imeshika kasi siku hizi kiasi kwamba watu wazima wenye wajukuu wanaacha kuitwa Mashaka na Shida, wanakwenda kwa wakili kuapa kwamba sasa wao ni Baraka. Ni haki yao. Lakini kama jina linaumba, basi lituonyeshe kazi yake. Mhunzi mmoja wa Italia, Alessandro Mussolini, mjamaa wa kweli, alipata mtoto mwaka 1883, akampa majina matatu ya wapigania haki: Benito kwa ajili ya Benito Juárez wa Mexico, Amilcare kwa ajili ya Amilcare Cipriani, na Andrea kwa ajili ya Andrea Costa. Jina gani lingepaswa kuumba vizuri zaidi ya hilo? Likaumba ufashisti. Siku chache baada ya mwanawe kuzaliwa, Machi 1953, mwanasiasa wa Tamil Nadu, India, aitwaye Karunanidhi alikuwa kwenye mkutano wa kuomboleza kifo cha Stalin, akamwita mtoto Stalin palepale. Mtoto huyo hakufungua kambi ya wafungwa mahali popote. Alisubiri zamu yake kwenye chama, akagombea, akashinda, na Mei 2021 akaapishwa kuongoza serikali ya jimbo lake kwa kura za wananchi. Ecuador ilikuwa na rais aitwaye Lenín Voltaire Moreno. Mwaka 2019 Lenín huyu alikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, akaondoa ruzuku ya mafuta, na maskini wakaingia barabarani dhidi yake. Nadhani Lenin wa kwanza angepata kizunguzungu.

Ushahidi, basi, unaonyesha kinyume: mwenye jina ndiye anayeliumba. Mandela aliitwa Rolihlahla mpaka siku ya kwanza shuleni, mwalimu alipompa Nelson, na yeye mwenyewe hakujua kwa nini. Alikisia tu kwamba pengine ni kwa ajili ya yule amirali wa Uingereza. Watoto wangapi Afrika Mashariki wanaitwa Nelson leo, na ni mzazi gani kati ya wazazi wao aliyekuwa akimfikiria amirali?

Mtu atanirushia Hitler. Na arushe. Novemba 2020, Adolf Hitler Uunona alichaguliwa diwani wa mkoa huko Ompundja, Namibia, kwa asilimia 85 ya kura, na magazeti ya Ulaya yakapata chakula cha wiki nzima. Alieleza kwamba baba yake pengine hakuelewa Hitler alisimamia nini. Namibia iliwahi kutawaliwa na Wajerumani, waliowaua Waherero na Wanama kwa makumi elfu kati ya 1904 na 1908, na Adolf ni jina lililobaki huko kama George alivyobaki kwetu. Sitetei jina hilo. Kuna majina ambayo ni tusi kwa wafu, na hilo ni mojawapo. Ila angalieni kilichomponza baba yule: kutojua. Hakuwa na siasa nyingi mno kichwani, alikuwa nazo chache mno. Na wapiga kura wa Ompundja, ambao hakuna aliyewahoji kwa heshima, walimjua mtu wao, wakamtenga na jina lake, wakampigia.

Hoja yenye uzito zaidi, na nakiri kwamba hii hunifanya nisite, ni ile ya kujipendekeza. Inasemwa kwamba mtu anamwita mwanawe kwa jina la rais akitumaini rais atasikia: ada ya shule, ng'ombe, picha gazetini. Hutokea. Lakini wanaoitoa hoja hii wameisahau mila yao ya usomo. Pwani, ukimpa mtoto jina la mtu, yule mtu ni somo yake, na somo haji mikono mitupu. Sikukuu ikifika anadaiwa nguo. Mtoto akiugua anadaiwa kuja. Bara nako, mtoto wa kwanza wa Mkikuyu anayechukua jina la babu mzaa baba anaitwa "baba" na wazazi wake, na babu anajua amefungwa. Jina ni deni, na anayedaiwa ni mkubwa. Mama anayemwita binti yake Samia hajapiga magoti. Ameingia Ikulu bila miadi na kusema: huyu ni wa kwenu sasa, mtamtazama? Kama hapati jibu, aibu si yake. Kujipendekeza kwa kweli nimekuona, na hakuko kwenye kadi za kliniki. Kuko kwenye viwanja vya michezo, barabara, madaraja na shule, ambako wenye vyeo hupeana majina wakiwa hai, kwa fedha za umma, bila mtangazaji wa asubuhi kucheka.

Sitaki kuacha nyumba moja ya Kenya bila kuigusa, kwa sababu inawaumbua wengi. Jaramogi Oginga Odinga alibatizwa Obadiah Adonijah, akayaacha majina yote mawili. Alipotaka wanawe wabatizwe kwa majina ya Kijaluo, kanisa lilimgomea, na kisa hicho amekisimulia katika Not Yet Uhuru, kilichotoka 1967. Kila msomi wa Afrika Mashariki anampigia makofi Jaramogi kwa hilo. Mmoja wa wana hao alikuwa Raila, na Raila alipopata mtoto wa kiume mwaka 1973 alimwita Fidel Castro. Wasomi wale wale wakatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo: hayo sasa ni makeke. Makeke kivipi? Babu alikataa mmisionari asiamue nani ni shujaa wa nyumba yake, na baba akatumia nafasi ile ile aliyopiganiwa kuchagua shujaa wake mwenyewe. Unaweza kumchukia Castro. Lakini huwezi kumsifu aliyefungua mlango kisha ukamzomea aliyepita.

Inabaki kwamba mtoto hakuchagua. Hakuchagua. Hata Grace hakuchagua, hata Mohamed hakuchagua, na hajazaliwa bado mtoto aliyefika na jina lake mkononi. Akikua na asilitake, njia ipo na wakubwa wameipita: Kenyatta, Jaramogi, Ngũgĩ wa Thiong'o aliyeitwa James mpaka miaka ya sabini. Hakuna kati yao aliyezuiwa na jina la kwanza kupata la pili.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakitaka msajili wa vizazi apewe mamlaka ya kukataa majina ya ajabu. Hawa ndio wanaonitia wasiwasi. Itazameni fomu ya kuandikisha kizazi. Tarehe, mahali, jina la baba, jina la mama, kazi, makazi: kila mstari ni swali la serikali, na jibu lake mtu hawezi kulibuni. Mstari mmoja tu ndio mzazi anaandika apendacho. Mkulima ambaye hajawahi kuandika gazetini wala kuitwa kwenye kamati ana nafasi hiyo moja ya kuweka neno lake ndani ya kumbukumbu za nchi. Tunataka na hiyo tuichukue?

Waliowahi kuichukua tunawajua. Ufaransa, watu walipoanza kuwaita watoto kwa majina ya mapinduzi, sheria ya 1803 iliwarudisha kwenye kalenda za watakatifu na mashujaa wa historia ya kale, na ilichukua hadi 1993 wazazi kuachiwa wachague. Mwaka 2017 maofisa wa Xinjiang nchini China walipiga marufuku watoto wa Kiislamu kuitwa majina kama Islam na Mecca. Karibu zaidi na sisi, Mobutu. Mwaka 1972 Joseph-Désiré aligeuka Mobutu Sese Seko, na raia wa Zaire wote wakaamriwa waache majina ya Kikristo wachukue ya asili. Kasisi aliyethubutu kumbatiza mtoto Pierre alitishiwa kifungo cha miaka mitano. Kardinali Malula alipopinga, ilimbidi aondoke kwenda Roma. Wengi kati yetu tuliisifu Zaire wakati ule, maana lengo lilisikika zuri, na wanaotaka msajili awe na rungu leo nao lengo lao linasikika zuri. Mfumo wa chama kimoja ulipolegea mwaka 1990, watu wakayarudisha majina ya ubatizo, lakini yale ya amri hayakuondoka. Leo kadi ya mpiga kura ya Bukavu au Lubumbashi ina nafasi tatu: nom, postnom, prénom. Rais wao ni Félix-Antoine Tshisekedi Tshilombo, mtoto wa mtu aliyetumia miaka mingi akimpinga Mobutu, na amri ya Mobutu, kupitia hilo postnom la Tshilombo, imo ndani ya jina lake rasmi.

Msajili wetu naye akipewa rungu atahitaji orodha, na orodha itahitaji kamati. Ningependa kuwajua mapema watakaokaa kwenye kamati hiyo, na wao wenyewe wanaitwa nani.